Pale "si" inapomaanisha "haijathibitishwa": Robert Kowalski na kompyuta inayotoa hoja

Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, ina kifungu kifupi kinachomhusu mtoto mchanga aliyetupwa. Mtoto wa namna hiyo akiokotwa nchini humo, sheria inamhesabu kuwa amezaliwa humo humo, na kwamba baba au mama yake alikuwa raia au mkazi wa kudumu, maadamu kinyume chake hakijathibitishwa. Mama hajulikani, baba hajulikani, na hakuna shahidi wa kuzaliwa kwake. Hata hivyo sheria inafikia hitimisho, na hitimisho lenyewe limesimama juu ya ukosefu wa ushahidi. Mwaka 1986 watafiti sita, miongoni mwao Marek Sergot, Fariba Sadri na Robert Kowalski wa Imperial College, London, walichapisha makala iliyoeleza jinsi walivyoiandika sehemu kubwa ya sheria hiyo kama programu ya kompyuta. Kifungu cha mtoto aliyeokotwa kilikuwa miongoni mwa vile vilivyowalazimu kufikiri mara mbili.

Ndani ya kisa cha mtoto huyu limo swali ambalo limeiandama taaluma ya kuandika programu kwa mantiki tangu utoto wake: kompyuta inaposema kwamba jambo fulani si kweli, inamaanisha nini hasa? Jibu lake haliwezi kueleweka bila kwanza kuona jinsi mantiki ilivyogeuzwa kuwa lugha ya kompyuta, na kazi hiyo ilianza mbali kabisa na mambo ya uraia.

Kowalski alizaliwa mwaka 1941 mjini Bridgeport, Connecticut, Marekani. Alisoma hisabati Stanford, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1970. Wakati huo, wote waliokuwa wakijaribu kuifanya kompyuta itoe hoja walikuwa wakizungumzia makala moja, iliyotolewa mwaka 1965 na John Alan Robinson. Kabla ya makala hiyo, mantiki ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya binadamu. Ilikuwa na kanuni nyingi za kutoa hitimisho, kila moja ikiwa ndogo na ya wazi, kwa sababu mtu hupenda hatua anazoweza kuzifuata kwa macho. Robinson aliuliza kama mashine inazihitaji zote, akaonyesha kwamba kanuni moja inatosha, nayo akaiita rezolusheni.

Kanuni yenyewe si ngumu. Tuseme tunajua mambo mawili: "Boti iliondoka au bahari ilichafuka," na "Boti haikuondoka au abiria walipanda." Boti haiwezi kuwa imeondoka na wakati huo huo haikuondoka, kwa hiyo moja ya sentensi hizo inategemea nusu yake ya pili, na tunapata sentensi mpya: "Bahari ilichafuka au abiria walipanda." Vinavyopingana vimefutana, vilivyobaki vimeunganishwa. Mashine ya Robinson hukanusha kile inachotakiwa kukithibitisha, hukichanganya na yanayojulikana, kisha huendelea kufutanisha. Ikifika mahali ambapo kila kitu kimefutika, maana yake yale makanusho hayakubaliani na yanayojulikana, na hivyo kilichokanushwa kimethibitika. Robinson aliongeza pia njia ya kuoanisha semi zenye vibadilika, yaani herufi kama X zinazoshika nafasi ya jina lolote, ili mashine iweze kutambua kwa hesabu, bila kubahatisha, kwamba "mama wa X" na "mama wa Juma" vinaweza kuwa kitu kimoja iwapo X ni Juma. Waliomtangulia, wakifuata kazi ya Mfaransa Jacques Herbrand, aliyefariki mwaka 1931 katika ajali ya mlimani akiwa na miaka 23, walilazimika kujaza majina mahali pa vibadilika, moja baada ya jingine, wakitumaini kwamba lile linalofaa litatokea.

Palikuwa na mipaka ambayo hakuna ujanja ungeiondoa. Tangu mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing walikuwa wameonyesha kwamba hakuna algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua, inayoweza kuamua, kwa kila sentensi ya mantiki, kama inathibitika au la. Rezolusheni itaufikia uthibitisho siku moja ikiwa uthibitisho upo. Usipokuwepo, huenda ikatafuta bila kikomo na bila kumwambia mtu chochote. Kikwazo cha karibu zaidi kilikuwa wingi. Kila sentensi mpya iliyozaliwa ilikutana na zote zilizotangulia, nazo zikazaa nyingine, mpaka mashine ikazama katika ukweli usio na faida kwa swali lililoulizwa.

Mwaka 1971 Kowalski, akiwa na Donald Kuehner, alichapisha aina ya rezolusheni iliyobanwa, ambayo kila hatua yake lazima itokane na swali lenyewe, wala si kuchanganya tu chochote na chochote. Miaka hiyo hiyo, katika chuo cha MIT huko Marekani, palikuwa na watu waliokuwa wakisema kwa sauti kubwa kwamba mantiki ni mfu: inaeleza mambo yalivyo lakini haisemi la kufanya, na kwa hiyo maarifa ya mashine yawekwe katika umbo la maagizo. Jibu la Kowalski kwao ndilo mchango wake mkubwa, na kwa maoni yangu uzuri wake uko katika kukataa kuchagua upande. Alisema kwamba sentensi ya mantiki, ikiwa na umbo fulani, tayari ni agizo.

Umbo hilo ni lile la "A ikiwa B na C", lenye hitimisho moja tu, ambalo wanamantiki hulihusisha na jina la Alfred Horn kutokana na makala yake ya mwaka 1951. Ukilisoma kama maelezo, linasema kwamba B na C vikiwa kweli, A ni kweli. Ukilisoma kama agizo, linasema: ukitaka kuonyesha A, onyesha kwanza B, kisha onyesha C. Sentensi ni ile ile. Kilichobadilika ni jicho la msomaji. Wazo hilo lilikomaa katika mazungumzo ya Kowalski na Alain Colmerauer, aliyemwalika Marseille katika kiangazi cha mwaka 1971. Colmerauer alikuwa akitafuta njia ya kuiuliza kompyuta maswali kwa Kifaransa na kupata majibu ya Kifaransa. Mwaka 1972 yeye na Philippe Roussel walitengeneza lugha ya Prolog, ambayo jina lake, lililopendekezwa na mke wa Roussel, ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuandika programu kwa mantiki.

Tuione ikifanya kazi. Mfano wa ukoo unatufaa, kwa kuwa Kiswahili, tofauti na Kiingereza, hakimchanganyi mjomba na ami wala na baba mdogo. Mjomba ni umbu wa mama, yaani mwanamume aliyezaliwa tumbo moja na mama. Katika Prolog tunaweza kuandika hivi:

mama(asha, juma).
mama(mwanaidi, asha).
mama(mwanaidi, hamisi).
mwanamume(hamisi).
mwanamume(juma).

mjomba(X, Y) :- mama(Z, Y), mama(B, Z), mama(B, X), mwanamume(X).

Mistari mitano ya kwanza ni habari: Asha ni mama wa Juma, Mwanaidi ni mama wa Asha na Hamisi, Hamisi na Juma ni wanaume. Mstari wa mwisho ni kanuni, na alama ile ya nukta mbili na kistari isomwe "ikiwa": X ni mjomba wa Y ikiwa Z ni mama wa Y, na B ni mama wa Z, na B huyo huyo ni mama wa X, na X ni mwanamume. Hakuna mahali popote tulipoiambia mashine jinsi ya kutafuta.

Sasa tuulize: ni nani mjomba wa Juma? Mashine inaanzia kwenye swali. Ili kumpata mjomba wa Juma, inahitaji kwanza mama wa Juma. Inapitia habari zake kuanzia juu na kumwona Asha. Kisha inamtafuta mama wa Asha, inampata Mwanaidi. Halafu inatafuta mtu yeyote ambaye Mwanaidi ni mama yake, na wa kwanza inayekutana naye ni Asha mwenyewe. Inauliza kama Asha ni mwanamume, haioni habari hiyo, inashindwa. Hapo haikati tamaa bali inarudi nyuma hatua moja, mahali ilipokuwa na chaguo jingine, na safari hii inamchukua Hamisi. Hamisi ni mwanamume. Jibu: Hamisi. Anayependa kuigeuza kanuni anaweza kuuliza pia Hamisi ni mjomba wa nani, na programu ile ile, bila kubadilishwa hata herufi, itamjibu kwamba ni wa Juma. Katika lugha nyingi za kompyuta hiyo ingehitaji programu nyingine.

Mfano huu ni wa kuvutia, na watangazaji wa Prolog hawakuchelewa kuutumia wa namna yake kuahidi makubwa: eleza tu ukweli, na mashine itafanya mengine yote. Ahadi hiyo ilikuwa na tundu. Tuseme tunaeleza mhenga hivi: mtu ni mhenga wangu ikiwa ni mzazi wangu, na pia ni mhenga wangu ikiwa ni mhenga wa fulani, na fulani huyo ni mzazi wangu. Hakuna kosa la mantiki hapo. Lakini Prolog husoma masharti kwa mpangilio yalivyoandikwa, na kwa kanuni ile ya pili, ili kumpata mhenga inaanza kwa kumtafuta mhenga, ambaye ili apatikane lazima atafutwe mhenga, na hivyo hivyo mpaka kumbukumbu ya kompyuta ijae. Ukiyageuza masharti mawili, yaani utafute kwanza mzazi kisha mhenga wa huyo mzazi, mambo yanakwenda vizuri. Kwa mwanamantiki sentensi hizo mbili ni sawa kabisa. Kwa mashine moja ni programu na nyingine ni shimo.

Kowalski hakulificha jambo hili. Makala yake ya mwaka 1979 ililiweka katika mlinganyo uliopata umaarufu: algorithimu ni mantiki ukijumlisha na udhibiti. Mantiki husema nini ni kweli, udhibiti husema itafutwe kwa mpangilio gani, na mtu mwenye busara huviboresha kila kimoja mahali pake. Wajapani waliuchukua uandishi wa programu kwa mantiki kuwa msingi wa mradi wao mkubwa wa kompyuta za kizazi cha tano, ulioanza mwaka 1982, wakitaka mashine nyingi zifanye udhibiti huo kwa pamoja. Mradi ulifungwa baada ya takriban muongo mmoja bila kuibadilisha biashara ya kompyuta kama ilivyotarajiwa. Upande wa uthibitishaji wa hisabati, rezolusheni na jamaa zake waliendelea bila kelele, na mwaka 1996 programu ya William McCune katika maabara ya Argonne, Marekani, ilithibitisha dhana ya Robbins, dai la aljebra ambalo lilikuwa limewashinda wanahisabati kwa zaidi ya miaka 60.

Turudi sasa kwenye lile tukio dogo ambalo huenda limempita msomaji. Mashine ilipouliza kama Asha ni mwanamume, haikupata jibu la "hapana". Hakuna mahali tulipoandika kwamba Asha si mwanamume. Ilikosa tu habari, ikaendelea mbele kana kwamba imejibiwa. Kwa swali lile haikuleta madhara. Lakini tukianza kuandika kanuni zenye neno "si" ndani yake, tabia hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Keith Clark, mwenzake Kowalski huko London, aliipa tabia hiyo maelezo ya kinadharia katika makala ya mwaka 1978. Jambo linahesabika kuwa si kweli pale jaribio la kulithibitisha linapofika mwisho na kushindwa. Sisi sote huishi hivyo. Mtu akiitazama ratiba ya boti za kwenda Pemba asione safari ya Jumapili, hasemi kwamba hajui kama kuna boti. Husema Jumapili hakuna boti, kwa sababu anaichukulia ratiba kuwa imetaja safari zote. Clark alionyesha kwamba nyuma ya kanuni za "ikiwa" limefichwa neno "tu": boti ipo ikiwa, na ikiwa tu, imeandikwa kwenye ratiba.

Matokeo yake ni mantiki ya aina nyingine kabisa. Katika mantiki ya kale, jambo likishathibitika halifutiki kwa kuongezewa habari. Ukijifunza zaidi, unazidi tu kujua. Hapa sivyo. Kwa kanuni kwamba ndege huruka isipokuwa awe amethibitishwa kuwa na kasoro ya kumzuia, mashine iliyoambiwa tu kwamba kuna ndege fulani itasema anaruka. Ukiiongezea kwamba ndege huyo ni mbuni, na kwamba mbuni ana kasoro hiyo, italifuta jibu lake la kwanza.

Ukanushaji huu ulizua mafundo yake. Chukua kanuni mbili: Asha atakwenda harusini ikiwa haijathibitishwa kwamba Zuhura atakwenda; Zuhura atakwenda ikiwa haijathibitishwa kwamba Asha atakwenda. Prolog ya kawaida itazunguka humo bila kutoka. Mwaka 1988 Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz walipendekeza njia ya kulifungua fundo: chukua kundi la mambo unayodhani ni kweli, yatumie kuyajibu makanusho yote yaliyomo, kisha uone kama kanuni zilizobaki zinakurudishia kundi lile lile, bila pungufu wala ziada. Kwa kanuni zetu makundi ya namna hiyo ni mawili, moja Asha anakwenda, jingine Zuhura anakwenda, na yote mawili ni halali. Kwa kanuni inayosema Asha atakwenda ikiwa haijathibitishwa kwamba Asha atakwenda, hakuna hata kundi moja. Kutokana na wazo hilo imechipuka mbinu ambayo fumbo huandikwa kama kanuni na kila kundi halali huwa jibu moja la fumbo. Kundi la Gelfond liliitumia katika mfumo wa kuwasaidia waongozaji wa vyombo vya anga vya Marekani kupanga hatua za kuchukua iwapo sehemu za mitambo ya kukiongoza chombo zitaharibika.

Katika kueleza haya nimekuwa nikiandika "haijathibitishwa", na sikufanya hivyo kwa bahati. Kiingereza, lugha ambayo nadharia hii imeandikwa kwa sehemu kubwa, kina kikanushi kimoja kinacholazimika kubeba maana zote mbili, ya "si kweli" na ya "haijathibitishwa", na vitabu hutumia kurasa kadhaa kumwonya mwanafunzi asizichanganye. Kiswahili kina njia ya kuzitenga ndani ya kitenzi. "Hakufika" inafunga habari. "Hajafika" inaacha mlango wazi, kwani anaweza kubisha hodi wakati wowote. Ukanushaji wa Clark ni wa "haja-". Wabunifu wa Prolog walihisi haja ya kutenganisha hata katika maandishi: alama yao ya ukanushi, mkwaju wa kinyume ukifuatwa na alama ya kujumlisha, ilichaguliwa ifanane na ile ambayo wanamantiki huitumia kwa maana ya "haithibitiki".

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa inapofika kwenye sheria. Kifungu cha kwanza cha sheria ile ya Uingereza kinasema kwamba aliyezaliwa nchini humo baada ya tarehe ya kuanza ni raia ikiwa, wakati wa kuzaliwa kwake, baba au mama yake alikuwa raia au mkazi wa kudumu. Mtu mwenye wazazi raia lakini asiye na cheti cha kulithibitisha hilo, akiwekwa mbele ya programu inayofuata njia ya Clark, ataambiwa si raia. Mtoto aliyeokotwa, ambaye ana ushahidi pungufu kuliko yeye, ataambiwa ni raia. Mashine haikukosea popote: kwa yule wa kwanza sheria imeweka mzigo wa kuthibitisha upande wa mwombaji, kwa wa pili imeuweka upande wa anayepinga. Ukimya ule ule unaangukia pande mbili tofauti, na ni mwandishi wa kanuni anayeuelekeza. Kowalski na wenzake waliona kwamba kuiandika sheria kwa njia hii kunamlazimisha mtu aonyeshe, kwa kila "si", ni upi kati ya ukanushi wa aina hizo mbili anaoukusudia, jambo ambalo maandishi ya kawaida humruhusu kulikwepa.

Katika miaka ya karibuni Kowalski, aliyestaafu uprofesa wa Imperial mwaka 1999 lakini hakuacha kazi, amekuwa akishughulika na Kiingereza kilichobanwa, ambacho mwanasheria anaweza kukisoma kama maandishi ya kawaida na kompyuta ikakitekeleza kama programu. Ikiwa mtu atataka kujaribu kazi hiyo kwa Kiswahili, mahali pazuri pa kuanzia ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 14(4) inamchukulia kuwa raia wa kuzaliwa mtoto anayepatikana nchini Kenya, ambaye ana umri wa chini ya miaka 8 au anaonekana hivyo, na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani. Ikiandikwa kwa umbo la Kowalski ni kanuni moja: mtoto ni raia ikiwa amepatikana Kenya, na anaonekana hajafikisha miaka 8, na uraia wake haujajulikana, na wazazi wake hawajajulikana. Na ibara ya 17(2) inaruhusu uraia huo ubatilishwe endapo wazazi au uraia wake utakuja kujulikana na kuonyesha kwamba alikuwa raia wa nchi nyingine, au ikibainika kwamba siku alipopatikana umri wake ulikuwa umepita ule uliotajwa. Mashine, ikipewa habari hiyo mpya, ingelifuta jibu lake kwa namna ile ile ilivyolifuta la mbuni.